Maji ya Rozela na Maharage ya Mama Fidesi

Kila ninapopita kwa akina mama wanaouza juisi pale stendi ya Kasulu, harufu ya rozela inayochemka hunirudisha utotoni. Wenzangu huagiza glasi, wakaongeza barafu, wakafurahi. Mimi huomba maji. Wanadhani ninaogopa sukari, nami nimewaacha waamini hivyo, maana kisa chenyewe ni kirefu na mimi ndani yake sionekani vizuri. Ninyi nitawasimulia.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Rungwe Mpya, na nilikuwa mtoto wa kujidai. Mwalimu wetu wa sayansi, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alinichagua niiwakilishe shule kwenye maonyesho ya sayansi mjini. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha vitu vya nyumbani: limau, siki, maziwa mgando, sabuni ya mche, sabuni ya unga, majivu, magadi. Unachemsha rozela, unachuja, unapata maji mekundu, halafu unadondoshea kitu chako. Kikiwa asidi, wekundu unakolea. Kikiwa besi, maji yanageuka kijani. Siku ya kwanza nilipoona povu la sabuni likiyageuza yale maji, nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia.

Chupa zangu nilizipanga dirishani kwa Bibi, ambaye ndiye aliyenilea. Bibi alizijua sala zote kwa Kiswahili, lakini mambo ya maana aliyasema kwa Kiha. Akaniuliza, kwa Kiha, maji yale yanapima nini. Hapo nikakwama. Asidi na besi kwa Kiha sikuzijua, na hata leo sizijui. Nikakumbuka mwalimu alituonya kwamba besi kali ni sumu, tusithubutu kuionja. Basi nikaichukua ile sumu ya mwalimu nikaitafsiri: nikamwambia Bibi kwamba kijani kinaonyesha uburozi.

Mnaojua Kiha au Kirundi mmeshashika kichwa. Sumu kwa Kiswahili ni kitu tu. Iko dukani, ya panya au ya wadudu wa nyanya. Uburozi, yaani sumu ya kumtilia mtu, una mwenyewe. Ukilitamka neno hilo, lazima atafutwe mtu aliyeuweka. Ndiyo maana kwetu mtu akikukaribisha pombe ya ndizi hupiga funda moja yeye kwanza uone haina kitu, ndipo akakupa. Hayo ni ya watu wazima. Mtoto hupewa tu kikombe akanywa. Bibi alipolisikia neno hilo akazifunika chupa zangu kwa kanga yake. Nilidhani anazikinga na vumbi.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Fidesi, mjane. Alizaliwa Burundi, akaja msichana na wazazi wake siku zile kambi ya wakimbizi ya Mtabila ingali na watu, akaolewa na mtu wa kijijini kwetu. Mume alipofariki alibaki na shamba, na binti yake Fidesi, na jina la "yule Mrundi", ingawa Kiha chetu na Kirundi chake vilipishana kidogo tu. Fidesi alikaa dawati moja nami na ndiye aliyenisuka nywele. Nilishinda kwao kuliko kwetu, na sababu kubwa, niseme ukweli, ilikuwa maharage. Ya Mama Fidesi yaliyeyuka mdomoni. Ya Bibi yalihitaji meno na subira.

Wiki moja kabla ya maonyesho, baba mdogo Yohana alikwenda kumsaidia Mama Fidesi kupalilia, akala huko huko. Kesho yake akaanza kuumwa tumbo. Siku ya tatu alikuwa amelala mkekani, midomo imemkauka, hata uji haukai. Mchana wa Jumamosi Mama Fidesi akamletea bakuli la maharage yaliyochemshwa mpaka yakalainika kabisa. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na mwenzake alipotoka tu, akaniita.

"Lete maji yako, mwana wanje," yaani mwanangu. "Pima."

Nilifurahi kuombwa, Mungu anisamehe. Nikaanza na mchuzi wa maharage yetu, kama nilivyofundishwa kulinganisha, na maji yakabaki mekundu. Nikadondoshea wa Mama Fidesi. Wekundu ukafifia, ukawa zambarau, halafu kijani cha matope.

Bibi alikaa chini pale pale. Kisha akatuma aitwe baba mkubwa, na baba mkubwa akaja na wanaume wengine wanne wa ukoo, wametoka shamba, mapanga mikononi. Waliipitisha chupa yangu mkono kwa mkono bila kuinusa.

"Leo aseme alichokiweka," alisema mmoja.

"Na asiposema?"

"Nyumba yake si ya nyasi?" akajibu baba mkubwa, taratibu tu.

Nilijua ni magadi. Mimi mwenyewe ndiye niliyetumwa dukani mara nyingi na Mama Fidesi kununua magadi ya kulainishia maharage, na Bibi hakuyatumia kamwe, akisema ni uvivu wa wanawake wa siku hizi. Nilijua, na mdomo haukufunguka. Niliogopa wataniuliza nani aliyelileta lile neno. Niliogopa viboko. Na zaidi ya yote, kwa dakika chache niliogopa chupa yangu mwenyewe: na kama ni kweli?

Wakaanza kutoka uani. Nikamfikiria Fidesi, ambaye saa ile huwa ndani akiosha vyombo. Nikakimbia, nikachukua kipande cha magadi ya maonyesho, nikakiponda ndani ya chungu cha Bibi, nikateka mchuzi nikaumimina kwenye chupa nyingine mbele yao. Ukageuka kijani.

"Ni magadi! Neno nilikosea mimi!"

"Huyo anamtetea rafiki yake," alisema baba mkubwa.

Basi nikalichukua bakuli la Mama Fidesi nikala. Msinisifu, sikuwa jasiri. Mchuzi ulinimwagikia kifuani, na kila tonge nililimeza nikisubiri kufa. Bibi alipiga yowe. Wanaume wakarudi, wakakaa kunizunguka, wakinitazama macho na midomo. Tulikaa hivyo mpaka jua likazama, na mimi nilikuwa nimeshiba tu.

Nilipoinua kichwa nilimwona Mama Fidesi amesimama kwenye ua wa minyaa. Alikuwa amekuja kuchukua bakuli lake, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alilipokea bakuli kutoka mkononi mwangu, akasema asante kwa kumaliza chakula, akaenda zake.

Baba mdogo alipelekwa zahanati, akaambiwa ni amiba, na wiki iliyofuata alikuwa shambani. Kwenye maonyesho nilikuwa wa tatu. Mwamuzi aliponiuliza nimejifunza nini kuhusu magadi, nililia, na wakaandika kwamba mshiriki alikuwa na homa.

Niliendelea kwenda kwa Mama Fidesi, naye hakubadilika, isipokuwa kitu kimoja. Akinimiminia uji, alipiga funda moja yeye kwanza, ndipo akanipa kikombe. Nilidhani anapima kama ni wa moto. Alifanya hivyo hata kwa maji ya mtungini, nami sikujiuliza maji ya mtungini yana moto gani.

Leo ninafundisha kemia, na nilikuwa mbele ya darasa, chupa ya rozela mkononi, jibu liliponijia. Niliiweka chupa mezani, wanafunzi wakadhani nimesahau somo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Amezeeka, Fidesi ameolewa Kibondo. Alinipikia uji, akachukua kikombe, nami nikamshika mkono kabla hajakiinua.

"Mama, kwangu usionje. Nakuomba."

Alicheka, akanipapasa bega, akaniita mwana wanje. Kisha akapiga funda moja, ndipo akanipa.