Sauti Yangu, Kitambaa cha Shangazi

Harufu ya nywele zinazoungua ndiyo Jumamosi asubuhi ya utoto wangu. Hata leo nikipita mlangoni pa saluni nikaivuta, narudi mtaani kwetu Uthiru papo hapo, kwenye kigoda, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Mama, na kitana cha chuma kikitolewa kwenye jiko la makaa kikifuka moshi. Mama alikuwa akininyoosha nywele kwa ajili ya kanisa la kesho yake, nami nilivumilia kwa sababu moja tu: televisheni ilikuwa mbele yangu na hiyo ndiyo ilikuwa saa ya katuni. Ilikuwa televisheni ndogo yenye kisogo kikubwa, antena yake imefungiwa kifuniko cha sufuria, na picha ilikuwa na tabia ya kupanda juu kila lori lilipopita Waiyaki Way. Watoto wa kwenye katuni walikuwa na nywele za manjano, za bluu, hata za kijani. Za kwangu hazikuwapo. Siku moja kitana kilinichoma sikio nikalia, na Mama akasema, "Vumilia, si unataka kukaa kama hao?" huku akiwaelekezea kitana hao watoto wa nywele za manjano. Sikuona ajabu yoyote katika maneno hayo. Nilifuta machozi nikatazama katuni.

Aliyetuletea habari iliyovuruga Jumamosi zetu alikuwa Shangazi Jerida, dada yake Baba. Alifanya kazi ya nyumbani Lavington, nyuma ya ukuta wenye maua ya zambarau na askari getini, na alimlea Tasha, binti wa nyumba ile, tangu akiwa wa nepi. Tasha alikuwa wa rika langu, lakini nilimjua kwa kusimuliwa tu, kama mtu anavyomjua nabii. Shangazi alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, mwenye mwanya mbele, na lafudhi ya kwetu Vihiga ambayo hakuwahi kuiombea radhi kwa mtu. Kitambaa chake cha kichwani, cha manjano, alikifunga fundo juu ya sikio la kushoto. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba sikio la kulia lilikuwa la kusikilizia amri za mwajiri, na la kushoto alilipa likizo. Tulicheka kila alipotoa jibu hilo, ingawa tulikuwa tumelisikia mara nyingi.

Basi Jumapili moja alifika kwetu anahema, hata mkate aliotuletea akausahau mkononi. Mwajiri wake alikuwa na rafiki, mama mmoja mchoraji aliyeitwa Anti Lorna, mgeni wa chai wa kila wiki, na huyo Anti Lorna alikuwa akitengeneza katuni. Katuni ya hapa hapa. Ya watoto weusi, wenye majina yetu, wanaokula ugali! Alikuwa akitafuta sauti za watoto. Shangazi alikuwa amesimama na trei ya chai aliposikia hayo, na mdomo wake, ambao haukuwahi kufunguka mezani pale ila kwa kusema karibu, ulifunguka wenyewe: "Mimi niko na mtoto wa kaka yangu, anasema mashairi mpaka walimu wanalia." Alitusimulia akiwa bado anatetemeka kwa ujasiri wake mwenyewe. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema asiyekuwapo na lake halipo, kwa hiyo Kageha, yaani mimi, aende, akawepo.

Nilikwenda. Studio ilikuwa Hurlingham, juu ya duka la dawa, chumba kilichobandikwa sponji kuta zote mpaka sauti ikawa inakufa inapotoka mdomoni. Mama aliachwa nje kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Nyuma ya kioo alikaa Anti Lorna na vijana wake wawili, pamoja na fundi wa mitambo, mzee wa Kihindi mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni. Nilipewa karatasi zenye maneno yangu tu, si hadithi nzima, nikaambiwa mimi ni Nekesa, msichana hodari anayefumbua mafumbo ya mtaa wake. "Msiogope, mimi najua njia!" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la ushujaa, na nililisema siku nzima, nikalisema pia nyumbani kwenye foleni ya choo, hadi majirani wakaanza kuniitikia. Siku ya pili walininywesha soda, kisha Anti Lorna akaja akachuchumaa mbele yangu. "Sasa Kageha, soma na hizi. Lakini ongea vile mnaongeanga kwenu. Kama shangazi yako. Usijifanye mtu wa shule, sawa, sweetie?" Nikasoma. Maneno yalikuwa ya chai kumwagika na sahani kuvunjika, na nikadhani Nekesa amepatwa na mkosi. Kile kioo hakikupitisha sauti, kwa hiyo niliona midomo tu: Anti Lorna ameshika tumbo, vijana wake wameinamiana. Nilijua nimewakosha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nikazidisha, nikaivuta lafudhi ya Shangazi ikanyooka kama mpira. Ni yule mzee wa Kihindi peke yake ambaye hakucheka. Alivua vipokea sauti vyake, akabonyeza kitufe akasema, "Basi, tosha. Mtoto amechoka." Nilimchukia kwa kunikatiza. Leo nadhani alikuwa akijua kitu, maana katika vichekesho vyetu Mhindi huwa ni mwenye duka tu, na anaongea kwa namna moja tu.

Siku ya kuonyeshwa ilipofika, jiko la kitana halikuwashwa. Mama alinisuka matuta manne, kwa kuwa tuliambiwa Nekesa ana matuta manne, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaketi mbele ya katuni masikio yangu yakiwa salama. Shangazi alikuwa ameomba ruhusa Lavington, akaja na kitambaa chake kilichopigwa pasi, akaketishwa kwenye kochi kama mama wa bibi harusi. Majirani walijaa hadi mlangoni. Mama Shiro wa chumba cha pili alikuja na viti vyake mwenyewe. Baba alisimama kando ya televisheni, mkono kwenye antena, tayari kupambana na lori lolote.

Nekesa akatokea. Mweusi, mwenye matuta manne, na goti lenye kovu kama langu! Chumba kizima kilipiga ukelele. Mama alinibana bega hadi likauma. Kisha Nekesa akafungua mdomo: "Msiogope, mimi najua njia!" Maneno yalikuwa yangu, lakini sauti haikuwa yangu. Ilikuwa sauti laini, ya kupitia puani kidogo, ya mtoto aliyekulia kwenye zulia. Nilidhani televisheni imeharibika. Kweli kabisa, nilimgeukia Baba nikamwambia, "Baba, isukume antena." Lakini Shangazi alikuwa ameshakaa wima, mkono mdomoni. "Huyo ni Tasha," akasema polepole. "Huyo ni Tasha wangu."

Kabla hatujalimeza hilo, mlango wa kwenye katuni ulifunguka akaingia mfanyakazi wa nyumbani na trei. Alikuwa na mwanya mbele. Alikuwa na kitambaa cha manjano, fundo juu ya sikio la kushoto. "Ai!" Mama Shiro akapayuka kwa furaha, "Si huyo ni Jerida! Jerida, uko kwa TV!" Watu wakaanza kupiga makofi, na Shangazi mwenyewe, Mungu ambariki kwa moyo wake mwepesi, akatabasamu. Halafu yule mfanyakazi akajikwaa kwenye zulia, trei ikaruka, chai ikammwagikia kila mtu, naye akalia kwa lafudhi ya kwetu iliyovutwa hadi mwisho wa kuvutika. Sitaiandika hapa lafudhi ile. Imeandikwa vya kutosha. Sauti ilikuwa yangu.

Nilisikia damu ikinipanda masikioni hadi maneno mengine sikuyasikia, niliona tu ule mdomo wenye mwanya ukifunguka na kufungwa, na mimi nikitoka ndani yake. Sura ya Shangazi, sauti yangu, na sote wawili tunafuta sakafu kwa magoti huku Nekesa wa Lavington akitucheka. Watoto wa mlangoni nao walicheka, na siwalaumu, kwa sababu ilichekesha. Hilo ndilo nisiloweza kulisamehe hadi leo. Baba aliupeleka mkono kwenye swichi. Shangazi akasema, "Wacha. Nataka kuona mwisho." Tukaona mwisho. Nekesa alimkamata mwizi, na mfanyakazi akavunja sahani nyingine.

Watu walipoondoka, kila mmoja kwa kisingizio chake, Shangazi aliniita karibu. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza, "Walikuambia uongee kama mimi?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Uliongea vizuri," akasema. Kisha akakusanya vikombe vyote vya wageni akaviosha, ingawa Mama alimsihi aviache. Baba alitaka aache kazi siku hiyo hiyo, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akipaza sauti kwa dada yake. Shangazi akajibu kwamba Tasha ni mtoto, hana kosa, na kwamba kesho asubuhi atatafuta soksi zake asizione. Akarudi Lavington jioni ile. Anti Lorna aliendelea kwenda huko kwa chai kila wiki, akimwambia Shangazi jinsi watu walivyompenda yule mhusika. Lakini Jumapili iliyofuata Shangazi alipokuja kwetu, fundo la kitambaa lilikuwa kisogoni, limekazwa. Lile la sikioni sikuliona tena kwa miaka mingi. Nami Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye kigoda, jiko likawashwa, harufu ikarudi. Shuleni waliniita kwa jina la yule mfanyakazi hadi nilipojifunza kuinyoosha sauti kama Mama alivyoninyoosha nywele, kwa kuichoma kidogo kidogo. Nilipoingia sekondari hakuna aliyeweza kubahatisha nimetoka wapi, na mwalimu mmoja alinisifu kwa hilo.

Siku hizi naishi Hurlingham, ghorofa ambayo dirisha lake linatazama barabara ile ile ya studio. Nina binti wa miaka sita, Imani, mwenye nywele ambazo hazijawahi kunusa jiko. Katuni anazotazama zina watoto wa kila rangi, msichana wa kiti cha magurudumu, mvulana wa kilemba, mwenye hijabu, na nywele kama za Imani zimejaa kioo kizima. Kwenye kundi la wazazi wa shule, kule kwenye simu, watu hutoana macho kwa ajili ya katuni hizo. Mmoja anasema watoto wetu wanalishwa siasa za watu, kwa nini kila katuni iwe na mmoja wa kila aina kama mboga za sokoni. Mwingine anamjibu kwamba hajui uchungu wa kutojiona. Siku moja mimi nilifumba macho nikazisikiliza tu katuni zenyewe, na nikashtuka: wale watoto wote, wa rangi zote, wana sauti moja. Na kwenye vile vikatuni vya kuchekesha vya nyumbani anavyotumiwa Imani kwa simu yangu, lafudhi ya kwetu bado ipo, na bado inamwaga chai.

Mwezi uliopita Shangazi alikuja kukaa nasi, amezeeka, magoti hayamtaki. Mwenye kovu usidhani kapoa, husema wahenga, kwa hiyo mambo ya katuni sikuwahi kuyagusa mbele yake. Alikuwa akimweleza Imani habari za ng'ombe wa Vihiga, na Imani akamsikiliza, akamsikiliza, kisha akaangua kicheko. "Mama, mbona Nyanya anaongea kama katuni?"

Kikombe kilinitoka mkononi. Nilifungua mdomo nimkemee, lakini Shangazi aliniinulia kiganja. "Kwani hukuambiwa?" akamuuliza mtoto. "Mimi nilikuwa kwa katuni."

"Kweli?"

Shangazi akakifungua kitambaa chake, mvi zikaonekana, akakifunga upya polepole kwa vidole vilivyokakamaa, fundo juu ya sikio la kushoto. "Nilikuwa hivi." Imani alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni, na kicheko kikamwishia. Watoto wa sasa hawajui mhusika asiye na uwezo wa ajabu. Kuna anayeruka, kuna anayezungumza na wanyama.

"Na pawa yako ilikuwa gani?"

Shangazi alifikiri. Aliangalia dirishani, upande wa barabara. "Nilikuwa naweza kuingia kwa chumba imejaa watu," akasema, "nimebeba trei hivi, na hakuna mtu ananiona."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na mimi nasikia yote wanasema."

Imani alipiga makofi. Alisema hiyo ni kali kuliko ya kuruka, akakimbilia jikoni. Tulisikia vyombo vikigongana. Shangazi akanitazama, nami nikaanza kuokota vigae vya kikombe changu, maana mtoto wangu alikuwa anarudi na trei kwa mikono miwili, ananyata, akituomba tusimwone.