Njia Iliyopita Jikoni kwa Papa Musonda

Basi la kampuni ya migodi lilisikika kabla halijaonekana. Lilikohoa kutoka upande wa karakana za mtaa wa Panda, likapanda kilima kidogo kwa kujivuta, na vioo vya dirisha letu vikaanza kutetemeka. Hapo mama, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria ya uji, alikuwa akisema neno moja tu: "Viatu." Mimi na dada yangu Fidelina tulitoka mbio, yaani mimi mbio, yeye kwa mwendo wake, kwani mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa na miaka miwili, na tangu hapo alivaa chuma kilichofungwa kwa mikanda ya ngozi kutoka pajani hadi kiatuni. Dereva alimjua. Alisimama mbele ya mlango wetu kabisa, akazima redio, akamngoja apande taratibu, kisha akatupeleka shule. Nilikuwa na miaka tisa, Fidelina kumi na miwili, nami niliamini kwamba basi lile lilikuwa sehemu ya asubuhi kama ukungu ulivyokuwa sehemu ya asubuhi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kila kitu kikaanza kupungua. Mishahara ilichelewa, unga wa mgao ukawa nusu gunia, halafu robo, halafu maneno matupu. Na siku moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, vioo havikutetemeka. Mama alisema "Viatu" kwa mazoea, tukavaa, tukakaa kwenye ngazi ya mlango mpaka umande ukakauka. Naona haya kukiri kwamba kimya kile kilinipendeza. Kwa mara ya kwanza kambi nzima ya wafanyakazi ilijisikia yenyewe: kinu kinatwanga sombe, majani ya muhogo, nyumba ya tatu, mtu anaimba sala peke yake akifua, njiwa wanatembea juu ya mabati. Barabara ikawa ya watu. Wanaume waliovaa ovaroli za buluu walikwenda kwa miguu kwenye kazi ambayo haikuwa tena kazi, na akina mama, wa kwetu akiwa mmoja wao, walielekea soko la Kikula na mabeseni kichwani. Mama alikuwa amebeba mikate yake midogo ya kukaanga, na harufu ya mafuta ilibaki nyuma yake hewani hata alipokwisha kukata kona. Waliporudi jioni wote walisema jambo lilelile, kana kwamba wameambiana: hawakujua kuwa mtaa wetu ni mrefu hivi.

Ulikuwa mrefu kweli, tena kwa makusudi. Kambi yetu ilipangwa kwa safu za nyumba za matofali, kila safu ikitazama barabara yake na kuipa mgongo safu ya pili. Kati ya migongo hiyo ulipita ua wa michongoma usio na tundu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja safu ziliishia kwenye ukuta wa bohari, kwa hiyo aliyetaka kwenda barabara ya pili alilazimika kuifuata yetu yote hadi kwenye mzunguko, ageuke, kisha airudie ile nyingine yote. Shule yetu ilikuwa kwenye barabara hiyo ya pili. Tukiwa jikoni tulisikia kengele yake waziwazi, tukasikia hata watoto wakihesabu kwa sauti moja. Lakini kuifikia kwa miguu kulinichukua nusu saa na zaidi, na mguu wa Fidelina haukuweza. Akabaki nyumbani. Mchana nilimletea daftari langu, yeye akanakili masomo akiwa ameketi chini ya dirisha. Baada ya wiki mbili alikuwa akinisahihisha.

Baba yetu alikuwa mchora ramani katika ofisi ya nyumba za kampuni. Safu zile alizichora yeye mwenyewe akiwa kijana, kama wakubwa wake walivyomwelekeza. Jioni moja alitandaza ramani ya zamani mezani, akaweka vikombe kwenye pembe zake ili isijikunje, akapitisha kidole kutoka mlango wetu hadi mzunguko, na kurudi hadi shuleni. Alirudia mara tatu. Halafu akapima kwa kidole kilekile kutoka jiko letu hadi shuleni moja kwa moja, na kidole hakikusogea sana. "Minye nilichora njia ya magari," alimwambia mama. "Bantu, benye kutembea kwa miguu, sikubafikiria." Mama hakumfariji. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Basi chora tena."

Alichora tena. Nyuma yetu, mgongo kwa mgongo, aliishi mzee mmoja ambaye shule ilikuwa mbele ya nyumba yake, ng'ambo ya barabara. Baba alikata kwenye karatasi ukanda pembeni mwa kiwanja chetu na mwingine pembeni mwa kiwanja cha mzee, akauandika upana wake: watu wawili. Nilimwuliza kwa nini wawili. Akasema njia ya mtu mmoja ni mfereji. Njia ni pale mtu anapoweza kutembea na mwenzake wakiongea. Jumapili tukazunguka naye, mimi nikibeba karatasi, mpaka mlangoni kwa mzee huyo. Aliitwa Papa Musonda. Alikuwa mjane, alifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito alizungumza kama mtu anayeita upande wa pili wa bonde. Alituketisha, akaitazama ramani kwa heshima, akairudisha.

"Bale bantu balipita hapa siku moja," alisema. Alimaanisha siku za uporaji, ambazo watu wazima hawakuzitaja mbele yetu. "Habakuomba njia. Balibeba hata milango. Niko na ua ile tu, mon fils, mwana yangu. Unataka niifungue?"

Nilimwona baba akiangalia mlango wa chumba cha mzee, ambao ulikuwa mbao za sanduku zilizopigiliwa. Alikunja karatasi mara nne, akashukuru, tukarudi kwa njia yote ile ndefu. Nilikasirika kwa ajili yake, na nilikasirika zaidi kwa sababu sikupata wa kumkasirikia.

Fidelina alisikiliza habari hiyo akikaza mikanda ya chuma chake. Kesho yake, kabla hapajapambazuka vizuri, alinigusa bega. "Mado, leo naenda," aliniambia. Tulitoka bila kumwamsha mtu. Asubuhi ile ningali naiona mara nyingi kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Mijakaranda ilikuwa imeangusha maua usiku kucha, barabara nzima ikawa ya zambarau, na tulipokanyaga, maua yalitoa mlio mdogo kama busu. Chuma cha Fidelina kilienda kik, kik, kik. Tulihesabu nyumba, kisha tukaacha kuhesabu. Kwenye mzunguko jua lilitoka, na tukaanza kuirudia barabara ya pili, na hapo nikaona kwamba dada yangu analia bila kutoa sauti na bila kupunguza mwendo. Kengele ililia tukiwa bado mbali. Tulipokaribia shule, hatua chache tu zikiwa zimebaki, aliketi kwenye kingo ya kalavati, akafungua mikanda. Ngozi ya muundi ilikuwa imechubuka, damu imeingia kwenye soksi.

Kalavati hilo lilikuwa mbele ya nyumba ya Papa Musonda. Alitoka na kopo la maji, akaliweka chini, akainama kuangalia mguu.

"Mutoto, unatoka wapi na mguu hivi?"

"Kwetu," alisema Fidelina.

"Kwenu ni wapi?"

Fidelina alinyoosha kidole, si kwenye barabara tuliyotoka, bali juu ya paa la nyumba yake mwenyewe. "Pale. Nyuma ya jikoni yako."

Mzee alidhani hakusikia vizuri. Alimwomba arudie, akarudia. Akageuka kuangalia paa lake, kisha akaangalia barabara hadi mwisho, ambako ukungu ulikuwa ukimalizikia, kisha akaangalia soksi. Alimshika Fidelina mkono, akampitisha sebuleni, akampitisha jikoni, hadi nyuma kwenye ua. Mimi nilifuata na viatu mkononi. Upande wa pili wa michongoma, karibu kiasi cha kumgusa, mama yangu alikuwa akikaanga mikate na kutuita kwa majina, sauti yake ikianza kuingiwa na hofu. "Huyu ni mama yenu?" aliuliza Papa Musonda, na kwa mara ya kwanza alizungumza polepole. "Kila asubuhi nasikia harufu ya mikate yake. Miaka yote. Sikujua ni ya nani." Akavua kofia, akaita juu ya ua: "Mama! Batoto bako iko huku! Batoto ni bazima!"

Alianza kukata michongoma siku ileile, kwa panga, na baba akaanza upande wetu. Walikutana katikati kabla ya jua kutua, mikono yao imejaa miiba. Mzee alitoa sharti moja, kwamba njia ni ya mchana, na giza likiingia anafunga lango alilolitengeneza kwa bati la pipa. Hakuna aliyebishana. Baba alisawazisha udongo, akamwaga kokoto na majivu ya jiko ili pasiteleze, akaweka jiwe bapa la kupumzikia katikati, na Fidelina akaenda shule kwa dakika ambazo uji ulichukua kupoa.

Msimu uliofuata tulikula mara moja kwa siku, na mara nyingine hatukula. Sitaki kuupamba. Lakini ninapouwaza ninaona njia ile. Safu nzima ilipita kwetu. Walimu walipita, akina mama wa kwenda Kikula walipita wakafupisha safari, wanakwaya walipita wakifanya mazoezi, na jirani Mwislamu aliyekuwa akiuza chumvi aligeuza dirisha lake litazame wapitaji. Watu walianza kupanda maua pembeni ya sehemu ambazo zamani zilikuwa za kutupia maji machafu. Papa Musonda alitoa kiti chake cha kamba, akakaa kando ya lango. Mwanzoni alikuwa akilinda, nadhani. Baadaye aliuliza majina. Baada ya miezi michache, anayepita bila kusimama kumweleza habari za nyumbani alirudishwa kwa sauti iliyosikika hadi shuleni. Na jioni moja, sikumbuki ipi, alisahau kufunga lango, na kesho yake hakuna kilichopotea, na hakulifunga tena.

Aliishi hivyo miaka sita, na siku ya mazishi yake jeneza lilipitishwa kwenye njia ile, kwa kuwa wabebaji wawili waliweza kutembea bega kwa bega. Fidelina alifika chuo, leo anafundisha hisabati Kolwezi. Nyumba ya mzee ilinunuliwa na mfanyabiashara wa madini, akajenga ukuta wa bloku pande zote nne. Simlaumu sana. Hakuna aliyemweleza.

Mimi mwenyewe naishi kwenye mtaa mpya nje ya mji, ambako kila mmoja wetu alianza na ukuta kabla ya msingi wa nyumba. Tuna maji, tuna umeme siku nyingi, na mvua haituingilii. Binti yangu ana miaka tisa na hajawahi kutumwa chumvi peke yake. Mtaa wetu anaujua kupitia dirisha la gari. Mwezi uliopita gari liliharibika, nikamwambia twende shule kwa miguu. Tulitembea kando ya kuta, moja baada ya nyingine, hakuna mlango uliokuwa wazi, hakuna mtu wa kumsalimu, na jua likapanda. Mara tukasikia kengele ya shule yake, karibu sana, nyuma ya ukuta uliokuwa kushoto kwetu. Alisimama, akaegemeza kiganja kwenye bloku.

"Mama," alisema, "shule iko hapa. Sasa tunazunguka nini?"

Nilimshika mkono tukaendelea kuzunguka. Tangu siku ile nimeanza kubisha hodi kwa majirani, nyumba moja moja, kuwauliza majina yao kwanza.