Mdudu wa Chini ya Kiti

Mwalimu Jamleck Mbugua hakuwahi kukaa kwenye kiti kabla ya kukipindua. Ungemkaribisha kwako, ukampangusia kiti na kumwekea kitambaa, naye angesema asante, akainama, akakigeuza miguu juu, akachungulia, kisha akakirudisha na kukaa kama mtu ambaye hajafanya lolote. Matangani alivipindua viti vya plastiki vya kukodi. Siku tuliyomzika mkewe Wariara kule Bahati, mchungaji akiwa ameshafungua Biblia, nilimwona akikipindua kiti cha mfiwa, kile cha mbele kabisa, na binti yake Abby akijifunika uso kwa leso.

"Baba, hata leo?"

"Hata leo," alisema.

Alikuwa akitafuta vifuko vya mayai ya buibui, vile vyeupe vinavyoshikamana na mbao kama karatasi iliyolowa. Si kwa sababu ya buibui, bali kwa sababu ya mgeni ambaye pengine yumo ndani.

Tulifundisha pamoja shule ya sekondari huko Bahati, yeye bayolojia, mimi Kiswahili, meza zetu zikitazamana. Kwa hiyo nilimjua mdudu huyo kabla sijamwona. Mbele ni vunjajungu mtupu: kichwa cha pembetatu, shingo ndefu, mikono miwili yenye miiba imekunjwa kifuani. Nyuma ana mabawa manne mepesi yenye mishipa kama wavu. Wakati wa mvua huvutwa na taa ya veranda, na kila anayemwona husema ni mtoto wa vunjajungu. Mwalimu Mbugua aliumia aliposikia hivyo. Vunjajungu, alisema, jamaa zake ni mende na mchwa. Huyu anaitwa mantispidi, na wa ukoo wake ni yule mdudu tuliyemchokoa kwa kijiti utotoni, anayejificha chini ya vishimo vya vumbi nyuma ya nyumba akingoja sisimizi ateleze.

"Sasa hiyo mikono aliiba wapi?" Kosgei, mwalimu wa hesabu, alimuuliza siku moja tukinywa chai ya saa nne.

"Hakuiba. Kazi moja huzaa mikono inayofanana. Wewe na mwalimu mkuu mna tumbo moja, lakini mama zenu hawajuani."

Chai ilimtoka Kosgei puani.

Wako wa namna mbalimbali, alisema. Wengine wamejipaka rangi za nyigu ili waogopwe. Lakini waliomshika moyo ni wale wanaokulia kwa buibui. Mama hutaga mayai kwa mamia, kila yai juu ya kikonyo chake chembamba kama uzi. Buu anayetoka ni mdogo kuliko chembe ya unga wa mahindi, na ana miguu ya mbio. Mwingine hukuta kifuko cha mayai ya buibui na kujipenyeza ndani. Mwingine humpanda buibui mwenyewe, akamshika kiunoni na kumfyonza damu kidogo kidogo, akingoja. Buibui akianza kutaga na kuyafunga mayai yake, buu hushuka na kuingia kabla mlango haujafungwa. Mama wa watu humshonea ndani kwa uzi wake mwenyewe, halafu hukaa juu ya kifuko akikilinda. Humo gizani buu huacha miguu yake ya mbio, akawa funza mnene, akanyonya yai moja baada ya jingine. Yakiisha hujifumia kifuko chake kidogo ndani ya kile kikubwa na kulala.

Nilimwambia hiyo ni hadithi ya kutisha. Alinishangaa.

"Kutisha? Jeruto, fikiria anayekosa mlango. Karibu wote hukosa. Ndiyo maana mama yao hutaga mamia."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuliona kwa macho yake, nalo ni kutoka. Mdudu hutafuna vifuko vyote viwili akiwa bado ndani ya ngozi ya pupa, ile anayolala nayo akigeuka kutoka funza, akatembea hivyo hivyo kama mtu aliyevaa gunia, akapanda mahali, ndipo ngozi ipasuke mgongoni na mabawa yafunguke. Mwalimu Mbugua alikuwa ameshapata vifuko vyenye tundu, chini ya benchi la kanisa na chini ya kiti cha karani wa shule. Kila mara alifika mdudu mwenyewe ameshaondoka.

Alipostaafu alihamia Kiamunyi, nyumba ya pili kutoka kwangu. Wariara akafa. Kisha ikaja presha ya macho. Jicho la kulia lilizimika kimya kimya kabla hajajua linaugua, na la kushoto likabaki kuona kama kupitia mrija. Daktari mjini alimwambia kilichopotea hakirudi, dawa ya matone itachelewesha tu. Aliniambia habari hiyo akiwa amesimama langoni kwangu, akitazama kiganja chake, akikisogeza pembeni mpaka kikapotea, kisha akikirudisha.

Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza aliponiita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuache shule.

"Jeruto, kuja! Acha hizo nguo!"

Ilikuwa chini ya kiti cha Wariara, kile kifupi cha mbao alichokalia akichambua maharagwe. Aliweka tochi upande mmoja wa kifuko, nami nikachungulia upande wa pili kwa lenzi yake. Kifuko chenye mayai huonekana kama shanga zimejazwa ndani. Hiki hakikuwa na shanga. Kilikuwa na donge moja la manjano, limelala peke yake.

Hakuthubutu kukibandua, kisije kikapasuka. Alikiweka kiti juu ya meza karibu na dirisha, miguu juu, akakifunga kwa kipande cha neti ya mbu. Kuanzia hapo alikaa mbele yake tangu asubuhi, uji ukipoa.

"Jicho hili likinishikia mpaka atoke, basi," alisema. "Likizimika kesho yake sitalalamika."

Abby anaishi mtaa wa Section 58, na tangu mama yake afe hakuwa na amani kuhusu nyumba ya baba yake. Jumamosi moja kina mama wa kanisa walipanga kuja kumwona mgonjwa. Kwetu hawaji kukaa tu. Huja na unga na sukari, na kabla ya kuimba hujifunga leso wakafua, wakapiga deki, wakapangusa kila kitu, ili mgonjwa ajue hajaachwa. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka Mwalimu kliniki ya macho. Tuliporudi tuliyasikia mapambio tukiwa bado langoni. Nyumba ilinukia sabuni.

"Karibu, Mwalimu!" alisema Mama Zeddy, mwanamke mkubwa mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliyemuuguza Wariara hadi mwisho. "Tumekuwekea kiti chako hapa mbele."

Alikipapasa. Kama kawaida yake, akakipindua. Mkono wake ukapita chini ya ubao mara moja, ukarudi, ukapita tena polepole. Ndipo akajua ni kiti gani.

"Nani amekiosha hiki?"

Wimbo ulikatika.

"Ni mimi, Mwalimu. Tulikikuta juu ya meza, miguu juu, kimefungwa neti. Nikasema hapana, kiti cha marehemu hakiwezi kukaa hivyo. Na chini kulikuwa na uchafu umeganda kama chingamu. Nimekikwangua kwa kisu na maji moto."

"Maji moto."

"Yakichemka, Mwalimu."

"Umeyamwaga wapi?"

Alitoka nje bila kungoja jibu. Bustani ya sukumawiki ilikuwa imelowa kwa mvua na kwa maji ya sabuni. Alipiga magoti matopeni na kuanza kupapasa, lenzi mkononi, akiisogeza karibu, akiisogeza mbali. Kina mama walimfuata mmoja mmoja bila kuelewa wanatafuta nini, wakainama na sketi zao za ibada. Abby alilia akisema, "Baba, inuka, baba, watu wanatazama." Mama Zeddy ndiye aliyekiona kifuko, kimenata kwenye jani. Alikibeba kwa viganja viwili.

Mwalimu alijaribu kukitazama. Alikiinua kwenye mwanga, akakizungusha. Kisha akanipa.

"Kifungue wewe."

Nilitumia sindano ya Abby. Ndani ya hariri ya buibui, ndani ya hariri yake mwenyewe, alikuwepo. Mweupe, amejikunja, vibawa vyake bado vifupi kama kucha, mikono yake ya vunjajungu imekunjwa kifuani. Alikuwa laini kama kitu kilichopikwa. Nilimweleza hayo yote, na yeye alisikiliza akitazama ardhi.

"Macho?"

"Nini, Mwalimu?"

"Macho yake. Ni meupe au yamegeuka?"

"Ni meusi."

"Meusi kabisa?"

"Kabisa."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi ilikuwa kesho. Au keshokutwa."

"Mwalimu, nisamehe," Mama Zeddy alisema. "Wallahi mimi nilidhani ni uchafu." Hakuna aliyemcheka kwa kiapo hicho.

"Kinafanana na uchafu, mama. Nendeni ndani muimbe. Mmetoka mbali."

Akaingia, akakaa kwenye kiti kile kikiwa bado kimelowa. Wakaimba.

Baada ya hapo hakutulia. Kila siku alitaka tutoke. Tulipindua viti vya majirani, vya kinyozi, vya kliniki, mabenchi ya kanisa yote. Vijana wa bodaboda wa stejini walimwita, "Buda, umepoteza nini huko chini?" na yeye akawajibu kwa adabu kwamba bado hajakipata. Vifuko tulivipata. Nilivimulika, naye akisimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu.

"Shanga," nilimwambia.

"Zote?"

"Zote, Mwalimu."

Mvua zikaisha. Kufikia Agosti jicho la kushoto lilitofautisha dirisha na ukuta, basi. Abby akamchukua akae naye Section 58. Alikonda, hakutaka kula. Nilipokwenda kumwona nilimkuta kitandani, uso umegeukia ukutani. Wiki iliyofuata nilikuta kiharusi kimeshamnyima ulimi, na kabla ya mwisho wa mwezi tulimlaza kando ya Wariara. Kwa hiyo siku ile nilipomkuta ameugeukia ukuta ndiyo ya mwisho niliyosikia sauti yake.

Abby aliniletea kiti cha plastiki. Mwalimu alisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

"Umekipindua?"

Nilikipindua. Chini kulikuwa na vumbi na nembo ya kiwanda. Nilimwambia hakuna kitu.

Akageuza uso, akautazamisha pembeni kidogo ya pale nilipokuwa nimesimama.

"Angalia tena," alisema.