Noti Ambayo Mwalimu Hakuiandika

Siku hizi waimbaji wetu wa kanisa la mji wa Oudenaarde huimba kwa macho. Alama zimejaa vitabuni kama inzi kwenye samaki: hapa pandisha, hapa shusha. Mimi nilivuta mvukuto wa kinanda cha kanisa miaka arobaini, na kusoma nilijifundisha mwenyewe. Lakini nilimsikia Lieven Haeck, na baada yake sijasikia mwimbaji.

Lieven alikuwa mtia rangi nguo, mikono ya buluu hadi viwiko, na sauti nzito kuliko wote kanisani. Enzi zake noti ziliandikwa bila alama, na mwimbaji mwenyewe alijua ipi aishushe kidogo isije ikagombana na za wenzake. Tena kitabuni kila mmoja aliona sauti yake tu. Za wengine alizifuata kwa sikio. Kumwekea mtu alama ilikuwa kumwita punda.

Kisha akaja Mwalimu Pauwels, kijana wa chuoni, na kalamu yake.

"Mzee Lieven, Pentekoste utaimba nilichoandika. Ukiongeza chako, rudisha joho la kwaya."

Cornelis, wa sauti ya kati, akacheka. "Pole, Mzee. Bado kufungwa kengele shingoni."

"Wewe walikufunga zamani, ndiyo maana humsikii mwenzako."

Lieven alitania, lakini usoni alikuwa amebadilika. Mkewe alishakufa, mtoto hakuwa naye. Joho lile alikuwa amelivaa miaka thelathini na minne.

Pentekoste ikafika. Katikati ya wimbo aliotunga Mwalimu mwenyewe, sauti ya juu ikashuka kama ilivyoandikwa. Chini yake, noti ya Lieven haikuwa na alama. Angeiimba hivyo, zingegongana na mji mzima ungesikia. Lieven akaishusha. Wimbo ukapita laini kama siagi.

Mwalimu akamngojea sakristia, chumba cha kuvulia majoho. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia, Mwalimu. Hebu viweke pamoja vitabu viwili, cha sauti ya juu na changu."

Akaviweka. Akatazama huku, akatazama kule, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Ungeniacha niaibike."

"Na wimbo nao, ulinikosea nini?"

Mwalimu alikuwa na kalamu mkononi, akaiweka chini.

"Kaa na joho lako, Mzee. Jumapili tuna wimbo mpya. Uje mapema uuimbe, kabla sijautia alama."

Lieven aliimba miaka sita zaidi, na kitabu chake hakikuongezwa alama hata moja. Ziliongezwa wiki aliyozikwa.