Shimo Lililoandikwa Pakavu

Mtaani kwetu dada yangu wanamwita Mama Kata, kwa sababu ya ile kata yake nyeupe yenye mpini mrefu anayochotea maji yaliyotuama. Kazi yake ni kuua mbu kabla hawajaota mabawa. Kila wiki anapita kwenye mitaro, mashimo, madumu, vyungu vya maua, mpaka kwenye matairi yangu. Mimi ni fundi pancha, na siku aliyokuta viluwiluwi ndani ya tairi langu hakunionea haya. Alisimama katikati ya wateja.

"Wewe, mchana unafuga mbu, usiku unalalamika wanakuuma? Toboa matairi hayo, maji yatoke."

"Dada, tairi likitobolewa si takataka?"

"Basi ni takataka tangu jana."

Nikatoboa. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini yule kanibeba mgongoni, ningemwambia nini?

Miaka sita anafanya ile kazi. Buti za mpira, begi la dawa begani, daftari kwapani. Dawa yenyewe ni chenga kama pumba. Viluwiluwi wanaila, kesho yake wamekufa. Haimdhuru bata, haimdhuru samaki, haimdhuru mtoto. Maneno hayo ameyasema kwenye milango mpaka watoto wa mtaa wanamwigiza. Eneo lake lina maji mia na kumi na nne, yote ameyapa namba mwenyewe, na mbele ya kila namba anaandika alichokuta. Kama hakuna maji anaandika "pakavu". Na hapo ndipo pana sheria: ukiandika pakavu, msimamizi akaja akakuta maji, unavua buti siku hiyohiyo. Hakuna cha samahani.

Dada hakuwahi kuandika pakavu bila kuinama na kuangalia kwa macho yake. Isipokuwa namba arobaini na moja.

Namba arobaini na moja ni shimo la tangi kwenye ghorofa lisiloisha, kule juu ya mtaa. Mwenyewe alisimamisha ujenzi, akaacha geti, kufuli na mlinzi. Mlinzi ni shemeji yangu, mume wa dada.

Nilikuwa nampenda yule mtu, siwezi kuficha. Mpole, ana utani, hajawahi kumfokea dada mbele yangu. Nyuma ya kibanda chake cha ulinzi alitengeneza bwawa la turubai, anafuga kambale. Turubai likitoboka nalikimbilia mimi na gundi yangu na vipande vya mpira, naliziba. Dada naye alikuwa akiwapeleka majirani pale. "Oneni bwawa la mume wangu. Mtaona kiluwiluwi hata kimoja? Samaki wamewamaliza." Na kweli, hakukuwa na hata kimoja.

Wakati wa kiangazi dada alishuka mwenyewe kwenye lile shimo, akakuta vumbi. Mvua zilipoanza akawa anamwuliza mumewe nyumbani tu, huku anavaa buti.

"Baba, arobaini na moja pana maji?"

"Pakavu, mama. Walishajaza kifusi. Usijisumbue kupanda kule na miguu yako hiyo."

Nilikuwepo siku hiyo, nakunywa chai yao. Nikamwona anaandika pakavu. Mtu na mume wake, nani angemshangaa?

Halafu mbu wakaanza. Si mbu wa mchezo. Nyumba za juu watu walikuwa wanajipiga makofi mpaka ukadhani kuna harusi. Mama muuza mkaa akawa kila akimwona dada anapaza sauti ili wote wasikie.

"Mama Kata, hiyo dawa yako ni dawa au mbolea? Mbu wa mwaka huu wana afya kuliko watoto wetu!"

Watu wanacheka. Dada hacheki. Akarudia maji yote tangu namba moja. Akafunua kila pipa, akapanda ngazi kukagua mifereji ya mapaa, akaenda hadi Jumapili. Anarudi anachechemea. Na shemeji anamvua buti, anamkanda miguu kwa maji ya moto. "Pole, mke wangu. Labda wanatoka mtaa wa pili."

Mtaa wa pili! Nikikumbuka hilo neno natamani kuvunja kitu.

Alhamisi moja asubuhi msimamizi akaja, baba mmoja mrefu asiyependa maneno. Majirani walikuwa wamempelekea malalamiko. Alianzia kwa dada, akachukua daftari lake, wakapanda juu, na nusu ya mtaa nyuma yao. Nikaacha gurudumu la watu limefunguliwa, nikafuata.

Getini shemeji akaanza kujipapasa mifukoni. "Funguo hizi nimeziweka wapi jamani?"

"Shem, si hizo shingoni?" nikamwambia. Nilidhani nimemsaidia.

Ndani, lile shimo lilikuwa limefunikwa mbao na mabati, limepangwa vizuri kama kitanda. Msimamizi akainua bati moja. Kwanza ikatoka harufu, halafu mbu, kama umefungua chungu cha moshi. Kifusi hakuna. Maji meusi, juu yanaelea mbolea ya kuku. Msimamizi akachota kwa kata ya dada, na ile kata nyeupe ikarudi haionekani weupe wake. Viluwiluwi wakubwa, wadogo, na wale waliojikunja wenye kichwa kikubwa, wanaoitwa pupa. Pupa hali kitu, anangoja tu kutoka mbu. Ukimkuta kwenye shimo ujue viluwiluwi wamekula na kukua siku nyingi bila mtu kuwatilia dawa. Wenye kazi hiyo wakiona pupa hawahitaji shahidi.

Lakini mimi niliona kitu kingine. Pembeni ya shimo palikuwa na kichujio chenye mpini, na ndoo imejaa viluwiluwi hai, wanachezacheza. Dada akaitazama ile ndoo. Akalitazama bwawa la kambale. Akaelewa kabla yangu.

"Unawalisha samaki," akasema. "Unawafuga mbu uwalishe samaki."

"Mama, nisikilize…"

"Kwa nini hukuniambia? Uliogopa dawa itaua samaki? Si nilikwambia haiui?"

"Najua haiui," shemeji akasema, sauti imeingia ndani.

Alijua. Ndiyo maana. Dawa haiui samaki, inaua chakula cha samaki, na vifaranga vyake vya kambale vilikuwa vinanenepa kwa viluwiluwi. Mpaka mbolea ya kuku alitia makusudi, maji yaoze, yazae zaidi. Mke wake anatembea jua lote kuwaua, yeye anawazalisha nyuma ya geti, halafu jioni anamkanda miguu.

Msimamizi akafungua daftari. "Pakavu. Pakavu. Wiki tisa, pakavu. Nani aliandika?"

"Mimi," dada akasema.

"Ulichota?"

"Sikuchota."

Akaishia hapo. Hakusema mume wangu aliniambia. Nikamwona anamwachia shemeji nafasi aseme mwenyewe. Neno moja tu lingetosha: nilimdanganya. Msimamizi naye akamgeukia.

"Mlinzi, ulimwambia kuna maji humu?"

Shemeji akaangalia geti, akaangalia kibanda chake. Akajua habari zikimfikia mwenye ghorofa kibarua kimeota nyasi. Akasema, "Nilimwambia. Akanijibu amechoka, ataandika tu pakavu."

Sikumbuki nilivyofika. Nilijikuta nimemkaba shati, kifungo kimoja kimeruka shimoni.

"Muongo wewe! Nilikuwepo mezani, nakunywa chai yako!"

"Mwache," dada akasema.

"Dada, anakuuza hivi hivi unaona?"

"Nimesema mwache. Nina kazi hapa."

Akafungua begi. Akatia dawa lile shimo, konzi kwa konzi, pembe zote nne, taratibu kama siku nyingine yoyote. Akamwaga ile ndoo kwenye zege la jua. Halafu akakaa juu ya tofali, akavua buti, akampa msimamizi pamoja na kata. Akashuka mtaa mzima miguu peku. Mama muuza mkaa akasema, "Kumbe mbu wanatoka kwake mwenyewe!" Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jioni alihamia chumbani kwangu na mfuko mmoja. Msimamizi akatuma ujumbe kwamba kama ana maelezo alete barua Jumatatu. Mwandiko wangu ni kama kuku kaparua, lakini dada alinisukumia kalamu, ikabidi niandike mimi.

"Andika: niliandika pakavu bila kuchota, hilo ni kosa langu. Andika: niliambiwa shimo limejazwa kifusi."

"Na nani? Niandike mlinzi?"

"Andika mume wangu. Na jina lake lote, asije akasema ni mwingine. Na wewe weka lako, ulikuwepo."

Barua ikafanya kazi yake nusunusu. Shemeji akafukuzwa getini. Dada akarudishiwa buti, lakini si kwa mtaa wetu. Amepewa eneo ng'ambo ya barabara kuu, maji asiyoyajua, aanze tena kuhesabu moja. Lake amepewa kijana wa viatu visafi.

Sasa nitajie ni nani mtaani alikuja kumpa pole. Hakuna. Wanasema amemshtaki mumewe kwa barua, mwanamke gani huyo. Shemeji anakaa kwa kinyozi, wanamhurumia, wanamwachia kiti. Hata mama yetu mzazi alimwambia dada, "Mwanangu, ya ndani hayatolewi nje." Nikamwuliza mama, ya ndani gani, wakati mbu walikuwa nje wanatuuma sote? Akaniambia nikome kumjibu.

Jumamosi iliyopita mama muuza mkaa akabisha hodi kwangu, kikombe mkononi.

"Mama Kata, mama, hebu nitazamie haya maji ya pipani. Yule kijana wenu alipita, hata kuinama hakuinama."

Dada akakishika kikombe, akakielekeza kwenye mwanga. Midomo inahesabu.

"Ndio wenyewe," akasema. "Siku mbili tatu watatoka."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Mwite mwenye eneo."

Akamrudishia kikombe, akaingia ndani kufua nguo zake za kazi. Mama muuza mkaa akabaki ananitazama mimi. Nikakichukua kile kikombe, nikamwaga maji vumbini, nikampa kikombe chake bila kumtukana. Kwa hali niliyokuwa nayo, hiyo ilikuwa heshima kubwa.