Posho ya Motokari

Jumamosi iliyopita alikuja kwangu kijana mmoja ambaye, kama mimi, anakusanya motokari ndogo, zile za chuma zinazofuata kubwa zake kipimo kwa kipimo, mpaka kioo cha pembeni na kitasa cha mlango. Alikuwa amesikia kwamba hapa Lubumbashi kuna mama mwenye kabati zima. Nilimpa kikombe cha munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi, nikamwacha atazame. Alipita taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Alipofika katikati, kwenye rafu ninayoipenda kuliko zote, akasimama. Pale pana sahani ya malata, yaani ya bati, iliyobanduka rangi ukingoni, na juu ya sahani hapana kitu.

"Tantine," akaniuliza, "hapa kulikuwa nini? Baliiba?"

Nikacheka, nikamwambia akae kwanza. Nawe rafiki yangu, vuta kiti.

Nililelewa Katuba, mtaa wa hapa mjini, kwa Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuwa mama yake papa, baba yangu, na alinilea kwa maana mama yangu alifariki nikiwa bado mchanga. Mume wa Kambo alikuwa amefanya kazi ya shaba maisha yake yote, na zamani zao kampuni iligawa posho kila Jumamosi: unga, maharagwe, samaki wakavu, mafuta. Akina mama walipanga foleni na vyombo vyao, wakicheka na kusengenyana mpaka zamu zao zifike. Mimi posho hiyo sikuiona. Nilipopata akili babu alishakufa na ugawaji ulishakwisha. Jina tu ndilo lililobaki, kwa sababu hata leo wazee wetu wanaiita Jumamosi siku ya posho, hata kama hakuna anayepewa kikombe cha unga.

Kambo hakuupenda ukimya wa siku hiyo. Alifagia lupango, uwanja wetu wote mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akawasha makaa kwenye mbabula, jiko letu, akabandika maji ya bukari, ugali wetu, halafu akabaki anazungukazunguka na kitambaa begani, anatafuta la kufanya. Nina hakika ndiyo sababu alizigeuza motokari zangu kuwa posho.

Motokari zenyewe zilitoka kwa papa. Alikuwa dereva wa malori marefu, akipeleka shaba kusini na kurudi kwa njia ya Kasumbalesa, na kila safari alirudi na motokari moja mfukoni. Alijua kuchagua papa yangu. Hakuleta zile za plastiki zinazokufa siku ya pili. Zake zilikuwa nzito mkononi, milango inafunguka, usukani unaonekana kwa ndani, magurudumu ya mpira. Ukiinusa mpya ilikuwa na harufu ya rangi na mafuta, na mimi nililala nayo puani.

Watoto wa avenue, barabara yetu ya mtaani, walikuwa wakiegemea ua wetu wa matete, wananitazama nikicheza peke yangu. Kambo aliona jambo hilo mara chache tu, halafu siku ya posho moja akachukua motokari zote, akazitia ndani ya kitunga, akaketi mlangoni. Akawaambia watoto waende kwao, kila mmoja alete sahani.

"Leo njo posho," akasema. "Kila mutoto motokari moja. Posho inayokuja munarudisha, munakamata ingine. Na mwenye kusukuma mwenzake, hapana kupata."

Ungeiona ile foleni. Sahani za malata, sahani za plastiki, mmoja alikuja na mfuniko wa sufuria. Walioweza kutengeneza motokari za nyaya na makopo walizitia nao kitungani, na Kambo aliwapa heshima sawasawa. Aliweka motokari juu ya sahani kwa mikono miwili, kama kitu cha kumwagika. Wiki nzima ulisikia magurudumu kwenye saruji za barazani kwa watu, ukajua gari lipi liko nyumba gani. Mimi mwenyewe nilipanga foleni kama wengine, na sahani yangu ya malata, na nilikasirika sana mara ya kwanza, halafu nikaizoea kazi ya kuwa wa mwisho.

Kisha papa akaleta benne, lile lori la kumwaga udongo unaloliona likitoka migodini. Ilikuwa ya njano, na ukivuta kidude cha pembeni, mgongo wake unanyanyuka na mlango wa nyuma unafunguka wenyewe. Alinionyesha mara moja, akasimama dirishani akinitazama nikiijaribu, akaenda safari. Mvua zikaja, zikapita. Madereva wenzake walirudi, yeye hapana. Wengine walisema ana nyumba nyingine huko kusini, wengine wakanitazama miguuni tu. Nilijiwekea akilini kwamba benne ikikaa nami, papa atarudi. Nilikula nayo, nilioga nayo. Kambo aliniacha nayo muda mrefu, mpaka siku ya posho moja alipoweka kitunga chini akanyoosha mkono.

"Kambo, hii hapana," nikamwambia. "Hii iko ya papa."

"Na ile ingine yote, njo nani aliileta?" akasema. Mkono ukabaki umenyooshwa.

Aliyekuwa mbele ya foleni siku ile alikuwa mtoto wa jirani, mwana wa mfanyabiashara kutoka Kivu aliyeuza unga na maharagwe kwa jumla. Nyuma yake, barabarani, lori lilikuwa linapakia vitanda vyao. Walikuwa wanahamia Kipushi, mpakani, palipokuwa na biashara. Watoto wote walijua. Naye alisimama na sahani yake kama siku zote, kwa sababu ilikuwa siku ya posho na zamu ilikuwa yake. Kambo alichukua benne kutoka kwangu, akaitazama, akanirudishia.

"Mupe weye," akasema. "Na mikono mbili."

Nikampa. Nililia machozi ya hasira mbele ya avenue nzima, lakini nilimpa kwa mikono miwili. Mama yake alitoa kichwa kwenye dirisha la lori akasema, "Itarudia, mama," na mimi sikumwamini. Shuleni mwalimu wetu alijaribu kunituliza. Alisema motokari hizo humiminwa kwa zinki, na zinki iko Kipushi, kwa hiyo benne yangu imeenda kusalimia kwao. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka.

Posho iliyofuata benne haikuja, wala ile ya baada yake. Kambo aligawa kama kawaida. Nikaacha kuuliza. Halafu asubuhi moja, foleni imeshapangwa, dereva mmoja wa Kipushi akaingia lupangoni na kitu kilichofungwa kitambaa. Kilikuwa sahani ya yule mtoto, ya malata, na juu yake benne, magurudumu yamechakaa, mgongoni imebeba vijiwe vya mgodini.

"Mutoto amesema anaomba posho yake," dereva akasema.

Kambo aliipokea sahani, akaifuta, akaweka juu yake teksi nyekundu, akaifunga tena. Kisha akaingia ndani. Nilimfuata na benne mkononi, nimejaa furaha, nikamkuta amekaa kitandani anafuta macho kwa kitambaa cha begani. Nikamwuliza analilia nini wakati benne imerudi.

"Njo ile," akasema, akiinyoshea kidole benne. "Iko inarudia."

Papa hakurudi. Mimi miaka yote ile nilikuwa namngojea baba, na sikufikiri hata siku moja kwamba pembeni yangu kuna mama anayemngojea mtoto wake. Kitu cha mwisho kilichotoka mikononi mwa mwanawe alikiweka kwenye sahani ya mtoto wa watu, akakiacha kiende. Nampenda kwa hilo kuliko kwa bukari yote aliyonipikia.

Kambo amelala makaburini sasa. Lupango letu ni depo ya saruji, ukuta wake una vipande vya chupa juu, na kwenye avenue yote hakuna ua wa matete wa mtoto kuegemea. Motokari ninazo, nyingi kuliko alizowahi kugawa yeye, na milango yake yote inafunguka. Foleni ndiyo sina, na siwezi kuinunua popote.

Kijana alikuwa amemaliza munkoyo wake. Akaitazama tena ile sahani tupu.

"Sasa benne iko wapi?"

"Kipushi," nikamwambia. "Kwa binti ya yule mutoto wa jirani. Posho hii njo zamu yake."

Akanitazama kama anayepima maneno yangu. Nikamwonyesha kabati lote, nikamwambia achague moja, ila kwanza aende kwao akalete sahani.