Mwanamke wa Ukutani

Harufu ya saruji yenye unyevu iliyochanganyika na kitunguu cha kukaanga hunichukua popote nilipo na kunirudisha Riyadh, kwenye choo chetu cha mtaa wa Malaz. Msinicheke. Wengine hukumbuka utoto wao kwa maua. Mimi nilijaliwa dirisha la choo. Lilitazama tundu la hewa lililoshuka katikati ya jengo, jembamba, lenye giza hata saa sita mchana, na humo ndimo harufu za jikoni kwa watu wote zilimokutana.

Mama alikuwa nesi, Baba dereva wa basi la shule, na kila Ijumaa sebule yetu iligeuka kanisa. Wakenya walipanda ngazi mmoja mmoja, viatu mkononi ili majirani wasisikie, maana nchi ile ilikataza makanisa: madereva, walinzi, manesi wenzake Mama. Blanketi liliangikwa dirishani, kisha tukaimba kwa kunong'ona. Nawaambia, hakuna kinachotisha kama sebule nzima ya watu wazima wakiimba wimbo wa furaha kwa pumzi tu, mishipa ya shingo imewatoka.

Sisi watoto tulifundishwa chumbani na Mwalimu Wafula, aliyesomesha historia katika shule moja ya kimataifa na ambaye hakujua hata hadithi moja ya watoto. Basi alitupa alichokuwa nacho, Ulaya ya miaka mia sita iliyopita. Alitusimulia tauni iliyofagia vijiji mpaka mbwa wakabaki wenye mji. Alitusimulia mapapa watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwalaani wenzake, nasi tukacheka mpaka tukakanywa, kwa sababu wachungaji wetu wawili nao hawakuwa wakisalimiana. Alitusimulia watu waliochomwa moto kwa kusoma Maandiko majumbani kwa lugha yao wenyewe. Hapo hatukucheka.

"Na kulikuwa na wanawake," alisema siku moja, "waliokubali kujengewa ndani ya ukuta wa kanisa."

Mwanamke alisomewa sala za maiti akiwa hai, akaeleza, kisha mlango ukazibwa kwa mawe, naye akakaa humo hadi kufa. Aliachiwa kidirisha kimoja cha kusikilizia ibada na kingine cha kupokelea chakula.

"Na wakisahau kumpa?" nikauliza.

"Basi anakufa, Nduku. Lakini hawakusahau."

Ijumaa hiyohiyo nilikwenda chooni wakati sebuleni wanaimba. Wimbo wao ukakoma. Ndani ya tundu la hewa, sauti ya mwanamke ikaendelea na ubeti uliofuata, peke yake, kwa Kiswahili, taratibu, ikitoka chini gizani. Baridi ilinipanda mwili mzima. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na shaka hata chembe: sisi tulikuwa kanisa, na ndani ya ukuta wetu alikuwamo mtu.

Kilichonitisha zaidi si sauti yenyewe. Ni kuwaza kwamba huenda sisi tulikuwa tumesahau kumlisha. Nikachukua mkate, nikautia katika mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa kamba ya kuanikia nguo na kuuteremsha. Kamba ililegea kidogo, kisha ikavutwa. Nusura niiachie. Nilipoipandisha, mfuko ulikuwa mtupu, umekunjwa pembe tatu ndogo, nadhifu kabisa, na kufungwa tena penye fundo langu.

Nikawa namlisha kila nilipotoka shule. Mkate, ndizi, wali wa jana. Sikumsemesha, maana nilidhani mtakatifu hasemeshwi ovyo, na yeye hakunisemesha. Alikohoa tu, na kila siku kikohozi kilipanda kikiwa chembamba kuliko jana. Ijumaa iliyofuata aliimba, lakini sasa alikuwa akiruka maneno. Nilianza kuota mkono unachomoza kwenye bomba la sinki. Hata hivyo nilirudi, mkate kwapani.

Mama aligundua kwa sababu ya mifuko. Aliikuta imepangwa kwenye droo yangu, naye alijua mimi sijawahi kukunja kitu maishani mwangu.

"Nduku, ni nani amekufundisha kukunja hivi? Hivi ndivyo wanawake wa kwetu wanavyokunja."

"Ni yule mwanamke wa ukutani, Mama. Mimi humpelekea chakula."

Mama aliketi kitandani ghafla, mdomo wazi. Kisha akaenda chooni, akasogeza uso dirishani.

"Dada? Wewe ni nani?"



"Mimi ni Mwende, msichana wa kazi," sauti ikajibu. "Niko hapa chini. Bosi na madam walienda Jeddah, mwezi sasa, mamake bosi ni mgonjwa. Wakafunga mlango, wakasema yalla, tunarudi haraka. Simu wako nayo. Chakula mafi, kiliisha, dada. Huo mkate ni wenu?"

Baba aliwaita Mwalimu Wafula na wachungaji wote wawili, na kwa mara ya kwanza wachungaji walikubaliana. "Baba Nduku, ukimwita mlinzi wa jengo, atauliza tumemjuaje," mmoja alisema. "Akileta polisi, watatupata sisi. Watu hapa wako na watoto. Wako na ikama, kibali cha kuishi kitafutwa."

"Na akifa?" Baba aliuliza.

Kisha akaliondoa blanketi dirishani, akakusanya vitabu vya nyimbo, akamkabidhi Mwalimu Wafula aondoke navyo.

"Halas," akasema. "Kanisa limekwisha. Sasa naenda kumwita mlinzi."

Mlinzi alimpigia bosi simu Jeddah, akampata nyumbani kwa mamake, mtaa wa Al-Nuzha. Bosi alishtuka, alidhani nduguye wa Riyadh alikuwa akimpelekea msichana chakula. Vunjeni kufuli, akasema.

Nilisimama ngazini nikimngoja bibi kizee mwenye vazi jeupe. Akatoka msichana mwembamba mwenye pajama za maua, ameshika ukuta, macho yanakataa mwanga. Mama alimnywesha uji kijiko kwa kijiko. Niliumia moyo: alikuwa mtu tu, mwenye njaa.

Baba alimpeleka ubalozini, naye akarudishwa kwao. Kwetu hakukusaliwa tena. Waumini walitawanyika, wengine wakaacha kumsalimu Baba, na kwa miaka mingi niliamini kuwa mimi ndiye niliyelivunja kanisa.

Mwaka jana niliwasimulia wanangu kisa hiki, kwa sauti ya kutisha, huku mama yangu akichambua maharagwe kando yetu. Watoto walipotoka nje aliweka ungo chini.

"Sisi tulimsikia kabla yako, Nduku."

"Nani, Mama?"

"Sote. Ijumaa mbili nzima. Tukaambiana ni mwangwi wetu wenyewe."

"Hata Baba?"

"Baba yako ndiye wa kwanza kumsikia."

Nilimtazama, mwanamke aliyehudumia wagonjwa maisha yake yote, na baridi niliyoisikia ilikuwa mbaya kuliko ile ya chooni. Mnong'ono hauna mwangwi. Walijua kuna mtu kule chini, na kila Ijumaa walisema amina, wakaagana, wakaenda zao.